Mita Tatu kwa Nne

Mwenye shamba la eka kumi analijua shamba lake, lakini mche mmoja mmoja haujui, na wala hatumlaumu. Akisimama pembeni anaona rangi tu: hapa kijani kimekolea, pale pamepauka, kule bondeni maji yametuama. Hesabu yake ni ya magunia. Mimi nina kipande cha mita 3 kwa 4 nyuma ya nyumba, basi. Nyanya ya tatu kutoka ukutani najua kwamba ilichelewa kuchanua, kwamba tawi lake la chini lilivunjwa na mpira wa watoto, likafungwa kitambaa, likaunga, na kwamba matunda yake hupasuka kila mvua kubwa inapofuata siku kadhaa za ukavu. Inayoifuata kulia haipasuki hata kidogo, na zote mbili zimetoka kwenye pakiti moja ya mbegu.

Wanaoandika kuhusu bustani za nyumbani huanza na faida: mboga safi, afya, matumizi kupungua, mazoezi ya viungo. Sina ugomvi nayo. Ila sijaona mtu anayeamka alfajiri na tochi kwenda kukagua faida. Anakwenda kuona kama tango limefungua ua. Tukilitaja jambo kwa jina lake, ni umbea: kutaka kujua nani kaota, nani kachanua, nani kaingiliwa na nani usiku. Na umbea haustawi katika mji wenye watu milioni. Unataka kijiji ambako kila mmoja anajulikana kwao na tabia zake. Bustani ndogo ya familia ni kijiji hicho. Udogo wake, ambao wengi huuombea radhi mgeni akifika, ndio mtaji wenyewe.

Umbea huanza kabla ya jani la kwanza. Maharage hayachomozi kichwa mbele. Udongo unainuka, unapasuka, halafu inatokeza shingo nyeupe iliyopinda, kichwa bado kiko chini. Kesho yake shingo inanyooka na kuivuta juu mbegu yenyewe, ambayo sasa imegawanyika vipande viwili vinene, katikati yake majani mawili yaliyokunjana. Kupinda huko kuna kazi: shingo ndiyo inayosukuma udongo, ili ncha laini isichubuke. Njegere, ambazo ni za ukoo huohuo, zina mtindo mwingine kabisa. Zinaiacha mbegu ardhini na kutuma juu chipukizi peke yake. Panda mistari miwili, maharage huku na njegere kule, uwaache watoto wachungulie kila asubuhi. Swali litakuja lenyewe: mbona hizi zimebeba mbegu kichwani na hizi hazina kitu?

Karoti zinapima subira. Huchukua wiki mbili, mara nyingine tatu, kuota, na wakati huo magugu yamekwishajaa kiasi kwamba huoni mstari ulipita wapi. Dawa yake ni ya zamani na bado sijapata inayoishinda: changanya mbegu za karoti na chache za figili, uzimwage katika mfereji mmoja. Figili huchomoza baada ya siku 3 hadi 5, zikakuonyesha mstari uliko, zikavunja na ule ukoko wa juu ambao chipukizi la karoti halina nguvu ya kuupasua. Baada ya kama wiki nne figili ziko tayari kung'olewa, na nafasi zinazoacha ndizo hasa karoti zinazozihitaji ili zinenepe. Mara chache utaona mazao mawili yakipishana kwa adabu namna hiyo.

Kuhusu kina cha kufukia, kanuni inayofundishwa ni mara mbili au tatu ya unene wa mbegu. Ni kanuni nzuri, na kama kanuni zote ina wakaidi. Saladi huota vizuri ikiona mwanga, kwa hiyo hunyunyizwa juu ya udongo na kugandamizwa kwa kiganja tu. Na bitiruti humshangaza kila anayeipanda mara ya kwanza: unaweka punje moja, inaota miche mitatu. Ile punje kumbe ni mbegu kadhaa zilizoshikamana katika ganda moja. Lazima upunguze, ubaki na mche mmoja kila mahali, na hiyo ndiyo kazi ambayo mke wangu ameikataa moja kwa moja. Anasema hawezi kuchagua wa kuishi. Basi mimi ndiye mwenye roho ngumu katika nyumba hii, na vile vijani vilivyong'olewa naviosha na kuvila, maana vinalika.

Lakini habari tamu kuliko zote haziko juu ya ardhi. Maharage yakianza kuchanua, chagua mche mmoja ambao hutaumia kuupoteza. Usiuvute, utabaki na nusu ya mizizi mkononi. Chimba pembeni, uinue na bonge lake zima, ulitumbukize kwenye ndoo ya maji na kulitikisa taratibu mpaka udongo uachie. Kwenye mizizi utaona vinundu vya milimita chache, vimejipanga ovyo. Chukua kimoja, kipasue kwa ukucha. Kama mche una afya, ndani ni rangi ya waridi inayoelekea wekundu, na kidole chako kitapata doa. Rangi hiyo inatoka kwenye protini yenye madini ya chuma, ya jamii moja na ile inayoifanya damu yetu iwe nyekundu. Kazi yake ni kuidhibiti oksijeni humo ndani, ili bakteria wanaoishi kwenye kinundu waweze kuichukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Mmea nao unawalipa kwa sukari. Ukikuta kinundu cheupe, hakijaanza kazi. Ukikuta kimegeuka kijani au kahawia, kimekwisha.

Wakulima walijua tangu zamani sana kwamba ardhi iliyopandwa mikunde hurudi na nguvu. Kwa nini iwe hivyo, hilo lilijibiwa juzi tu, tukihesabu umri wa kilimo. Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel, aliyekuwa akifanya kazi na Hermann Wilfarth, alieleza kwamba vinundu ndivyo vinavyoiwezesha mikunde kutumia nitrojeni ya hewani, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafanikiwa kuwatenga bakteria wenyewe. Mimi jambo hili nilikuwa nimelisoma shuleni, nikalijibu kwenye mtihani, nikalisahau. Sasa siwezi kulisahau, kwa sababu nina mwanangu ambaye kila mgeni akija humvuta mkono kwenda kumwonyesha "damu ya maharage".

Nitaongeza neno la tahadhari, kwa kuwa suala hili hutiwa chumvi. Ni kweli kwamba msimu ukiisha ni bora kuyakata maharage usawa wa udongo na kuiacha mizizi ioze humo. Lakini ukiwa umevuna mbegu zilizokauka, sehemu kubwa ya ile nitrojeni umeondoka nayo, kwa sababu mmea uliihamishia kwenye mbegu. Kinachobaki chini ni nyongeza, na mboji bado inahitajika.

Tukirudi juu: maua. Kila mwaka kuna ndugu au rafiki anayelalamika kwamba boga lake "linachanua bila kuzaa" na anataka dawa ya kunyunyiza. Mwambie angoje. Boga lina maua ya kiume na ya kike kwenye mche mmoja, na ya kwanza kufunguka kwa kawaida ni madume matupu. Majike hufuata. Kuyatambua ni rahisi: ua dume limekaa juu ya kikonyo chembamba, ua jike lina kiboga kidogo nyuma yake tayari, hata kabla halijafunguka. Maua hayo hufunguka alfajiri na kufikia mchana yamejikunja. Kama nyuki ni wachache, unachuma dume, unalivua petali zote, unabaki na kile kijiti cha katikati chenye unga wa njano, unakipakaza ndani ya ua jike. Yasipochavushwa, kile kiboga hunyauka kikaanguka. Katika shamba kubwa nani atafanya kazi hiyo? Hapa inachukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji ya chai, na baada ya hapo kila mtu nyumbani anajua boga lipi ni la nani.

Nyanya haina habari za madume na majike, kwa sababu kila ua lina pande zote mbili. Ila chavua yake imefungiwa ndani ya kijibomba, nayo hutoka kwa mtikisiko. Kuna nyuki wanene wenye manyoya mengi ambao hulishika ua na kuvuma kwa nguvu mpaka chavua imwagike. Nyuki wa asali hana ujuzi huo. Upepo nao husaidia. Mahali palipokingwa sana, kama kibarazani, gongagonga shina kwa kidole wakati wa adhuhuri, siku ikiwa kavu. Hakuna zaidi ya hapo.

Ukimaliza kuhangaika na nyanya, tazama mikono. Vidole vimegeuka kijani cha manjano, na ukiendelea kazi vinakuwa karibu vyeusi. Ukinawa kwa sabuni, povu linatoka la njano. Majani na mashina ya nyanya yana vinyweleo vyenye vichwa vya mafuta, ambavyo hupasuka ukivigusa, na humo ndimo inamotoka ile harufu kali ambayo si ya tunda lenyewe. Kwa mdudu mdogo ni gundi na sumu. Kwangu ni manukato, na sioni aibu kusema hivyo. Tauli ya bafuni ina maoni tofauti.

Wadudu, basi. Hapa watu wa bustani hugawanyika, na mimi ni wa kundi la wanaotazama kwanza. Vidukari wakivamia ncha za majani ya maharage, kishawishi ni kukimbilia chupa ya dawa. Chukua miwani ya kukuzia badala yake. Kundi lile karibu lote ni majike, na huzaa watoto hai bila dume yeyote kuhusika. Mtoto anapozaliwa tayari ana vijusi vya watoto wake tumboni. Ndiyo maana wanajaa ghafla namna ile. Halafu utaona sisimizi wakipita katikati yao: wanakunywa majimaji matamu ambayo vidukari huyatoa, na kwa malipo hayo wanawafukuza maadui. Endelea kutazama. Kati ya vidukari wa kijani kuna wachache waliovimba, wamekauka, rangi ya kahawia inayong'aa, hawasogei. Hao ni maganda. Nyigu mdogo sana, mwenye urefu wa milimita mbili tatu, alitaga yai ndani ya kidukari, mtoto wake akamla kutoka ndani, kisha akatoka kwa kukata tundu la mviringo mgongoni. Ukiyaona matundu hayo, weka chupa chini. Msaada umefika, na dawa itawaua waliokuja kusaidia kabla ya kuwamaliza waliokuja kuharibu.

Si kila mara msaada hufika. Konokono hawana huruma kwa saladi changa, na sota, yule kiwavi wa udongoni, hukata miche usiku usawa wa udongo kisha anaiacha hapohapo imelala, kama vile nia yake ilikuwa kuudhi tu. Kwa hao ninatoka na tochi. Katika mita 12 za mraba kuwaokota kwa mkono kunawezekana, na ndiyo dawa pekee ambayo haijawahi kushindwa. Miche ya kabichi naivisha pete ya kadibodi shingoni, izame kidogo ardhini, basi sota anazunguka na kukata tamaa.

Nimetaja kabichi, na ningependa kusimama hapo kidogo. Kabichi, koliflawa, brokoli na sukuma wiki ni spishi moja. Sisemi zinafanana; ni mmea mmoja, Brassica oleracea, ambao watu waliuchagua kizazi baada ya kizazi, hawa wakipenda majani, hawa wakipenda kichwa kilichofumba, hawa wakipenda ua lisilofunguka. Iache kila moja ichanue uone: petali nne za njano zilizokaa msalaba, zilezile kwa zote. Nilipowaonyesha watoto walidhani nawatania. Kwa bustani ndogo, lakini, sizipendekezi zote kwa usawa. Kabichi hukalia nafasi ya nusu mita kwa miezi, unaikata mara moja, imekwisha. Sukuma wiki unachuma majani ya chini, juu linaendelea kutoa, na mche mmoja hukuhudumia kwa miezi mingi. Vivyo hivyo saladi ya majani: chuma ya nje, ya ndani yaache. Mwenye mita 12 apande vinavyochumwa kidogokidogo, na viazi awaachie wenye eneo.

Kisha kula. Hapa nitakuwa mkali: nyanya ya bustani yako na nyanya iliyosafiri si chakula kimoja. Zinazosafiri mbali mara nyingi huchumwa zikiwa bado za kijani ili zistahimili safari, halafu huivishwa kwa gesi ya ethilini, ileile ambayo tunda huitoa lenyewe linapoiva. Rangi inakuja. Ladha haiji yote, kwa kuwa sukari na harufu nyingi zilikuwa bado hazijajengeka. Na mtu akifika nayo nyumbani anaiweka kwenye friji, akamalizia mauaji. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha kwamba baridi huzima jeni zinazotengeneza harufu za nyanya, na hata ukiirudisha kwenye joto la kawaida baada ya wiki, harufu hizo hazirudi kama zilivyokuwa. Nyanya ikae mezani. Kama ndege wanakuwahi, ichume inapoanza tu kugeuka rangi; itamalizia ndani bila hasara ya kuonekana.

Kwa mahindi matamu na njegere mambo ni ya haraka zaidi. Sukari iliyomo huanza kugeuka wanga mara tu zinapochumwa, na kwenye joto la nyuzi 30 mahindi ya aina za kawaida huweza kupoteza zaidi ya nusu ya sukari yake kwa siku moja. Ndiyo maana kuna wenye bustani wanaobandika sufuria jikoni kwanza, ndipo watoke kwenda kuchuma. Wakati fulani niliwaona kama watu wa maringo. Ukweli ni kwamba wana haki. Njegere hazihitaji hata sufuria: pasua ganda pale pale, sukuma kwa kidole gumba, mdomoni. Karibu theluthi ya mazao yetu ya njegere haijawahi kufika jikoni, na sijaona sababu ya kuweka sheria.

Husemwa kwamba mtoto hula chochote alichokipanda. Maneno hayo yanatia moyo, na kwa nyumba yetu ni nusu kweli. Wangu wanakula karoti zikiwa bado na udongo kwenye mikunjo, wanakula figili huku macho yanawatoka machozi kwa ukali wake. Bilinganya walilipanda, wakalimwagilia, wakalipa jina, na siku ya kuliwa wakaligomea kabisa. Pengine kosa ni jina. Nani anakula rafiki?

Raha yenyewe ya kuwa na familia humo haiko kwenye kula. Iko kwenye mikono kuwa na kazi. Kijana wangu mkubwa yuko kwenye ule umri wa kujibu kila swali kwa "sawa" na "hamna kitu". Mketishe sebuleni umuulize habari za shule, hupati neno. Mpe upande wa pili wa tuta mpalilie pamoja, macho yenu yote yako kwenye magugu, na baada ya muda anaanza kueleza mwenyewe, bila kuulizwa. Mama mkwe wangu naye hupitia bustanini akija, akiwa na kigoda chake, na kila mara ana la kusema.

"Baba, hivi vitunguu umevizika au umevipanda?"

"Mama, nimefuata maelekezo ya pakiti."

"Pakiti haina macho. Fukua mabega yake yaonekane, vipate jua."

Ana haki. Kitunguu hunenepa kikiwa nusu juu ya ardhi, na ukikifunika sana kinabaki chembamba shingo nene. Nimejifunza kutobishana na mtu mwenye kigoda.

Kazi ngumu ipo, sitaificha, ila haina mengi ya kusimulia. Magugu hupungua sana ukitandaza nyasi kavu au majani kati ya mistari, na unyevu nao hukaa. Kumwagilia ni asubuhi, kwa wingi na kwa nafasi, maji yafike chini, si kunyunyiza juujuu kila siku. Mizizi hufuata maji, na ukiyaweka juu nayo itakaa juu ikaungue. Hesabu ya mvua ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 10 imeimwagia bustani yangu lita 120, na mgongo wangu umeshukuru kwa kila ndoo. Ukiona nyanya inaoza kitako, doa jeusi lililobonyea upande wa chini wa tunda, usitafute ugonjwa: mara nyingi ni madini ya kalisi yaliyoshindwa kufika kwenye tunda kwa sababu maji yalikuja leo yakakosekana kesho na kesho kutwa.

Kwenye kona iko rundo la mboji, na huko pia kuna ya kuchungulia. Mabaki mabichi ya jikoni na majani makavu, makavu yawe mengi zaidi kwa ujazo, unyevu wa sifongo iliyokamuliwa, pindua mara kwa mara. Rundo lililopangwa vizuri hupanda joto mpaka nyuzi 55 au 60 katikati, kwa kazi ya vijidudu peke yake; likipoa, minyoo huingia. Charles Darwin, ambaye angeweza kustarehe na umaarufu wake, alitumia miaka mingi kuwachunguza minyoo, akachapisha matokeo mwaka 1881, miezi michache kabla hajafariki. Aliwaweka kwenye vyungu ndani ya nyumba. Aliwapigia vyombo vya muziki, hawakujali. Alipoweka vyungu juu ya piano na kubonyeza kitufe, wakajivuta mashimoni, kwa kuwa hawasikii sauti lakini mtikisiko wanaujua. Huyo ni mtu ninayemwelewa. Mwanasayansi mkubwa, mzee, na bado anataka kujua mnyoo wake anapenda nini.

Mboji ndiyo iliyotuletea mgogoro tulio nao sasa. Msimu uliopita tulitunza mbegu zetu wenyewe: nyanya na maharage, ambazo kwa sehemu kubwa hujichavusha zenyewe na kwa hiyo watoto hufanana na mama. Mbegu za nyanya huachwa na utelezi wake kwenye bilauri kwa siku 2 au 3 mpaka zichache, kisha huoshwa. Ute ule una vizuizi vya kuota, na mbegu nzima huzama, mapepe huelea. Anika kwenye sahani, usianike kwenye karatasi, zitagandamana. Na mbegu za chotara, zile zenye alama ya F1, usizihangaikie, maana kizazi cha pili hutawanyika kila mmoja na tabia yake. Maboga hatukuyatunza. Maboga ya jamii moja huzaana ovyo kupitia kwa nyuki, huwezi kujua baba ni nani. Lakini mbegu zake zilitupwa kwenye mboji, mboji ikatandazwa, na katikati ya karoti limeota boga ambalo hakuna aliyelipanda.

Mke wangu anataka ling'olewe leo, kabla halijazifunika karoti. Mama mkwe anasema kinachojiotea chenyewe hakifukuzwi. Watoto wamekwishalipa jina, jambo ambalo mnajua linaelekea wapi. Mimi nimeweka sharti moja, na kila mwenye boga la namna hii aliweke: likizaa, litaonjwa kwanza kipande kidogo kabla ya kupikwa, na likiwa chungu litemwe, liende kwenye mboji lote. Mchanganyiko wa ovyo, hasa na yale maboga ya mapambo, huweza kurudisha kemikali chungu za mababu zake, na hizo huumiza tumbo vibaya, kupika hakuziondoi.

Kura zimepigwa, nne kwa moja. Boga limebaki, limekwishapita karoti, na tangu juzi njia ya kwenda kwenye kamba ya nguo haipitiki.